Mfumo ulijua, ukanyamaza

Waandishi wa programu wakikutana, malalamiko hayakawii. Kuna asiyeweza kuvumilia msimbo (maandishi ya programu) uliopangiliwa kwa kitufe cha Tab badala ya nafasi, na kuna anayeshangaa mpaka leo kwa nini katika JavaScript Januari ni mwezi wa 0 na Desemba ni wa 11, ilhali siku za mwezi zinaanza na 1. (Lugha hiyo iliundwa kwa haraka mwaka 1995, kipande cha tarehe kikaigwa kutoka lugha nyingine, Java, na kasoro zake zikaja nazo.) Ni kero za kweli, ila mtu huzizoea. Ugomvi wa Tab, kwa mfano, umepoa tangu tulipoanza kuwaachia mashine kazi ya kupangilia mistari.

Iko kero moja ambayo sijaizoea na sitaki kuizoea: programu kuwa na taarifa mkononi, kisha ikaitupa kabla haijamfikia anayeihitaji. Nikichunguza mambo mengi yanayotukera kazini, nakuta yamezaliwa na hiyo.

Tuifuate hitilafu moja tangu inapoanzia. Programu inataka kusoma rekodi ya mteja kwenye hifadhidata. Hifadhidata inakataa muunganisho kwa kuwa nenosiri la akaunti inayotumiwa na programu limeisha muda. Kwa wakati huo kila kitu kinajulikana: seva ipi, akaunti ipi, saa ngapi, sababu gani. Kipande cha kwanza cha msimbo kinaidaka hitilafu hiyo na, kwa vile aliyekiandika hakutaka programu ianguke, kinarudisha thamani tupu. Kipande cha pili kinaupokea utupu huo na kuuelewa kwa namna pekee kinavyoweza, kwamba hakuna mteja mwenye namba hii. Kipande cha tatu kinaandika kwenye skrini: “Mteja hayupo.”

Sababu imepotea, na mahali pake pamezaliwa uongo. Mhudumu aliye mbele ya skrini anamwambia mteja wa miaka mingi kwamba hana akaunti. Fundi wa zamu anaamshwa usiku, anaanza kutafuta rekodi zilizofutwa, na hakuna kilichofutwa. Saa nzima inaweza kuteketea kutafuta jambo ambalo mfumo ulilijua tangu sekunde ya kwanza.

Mfumo mmoja wa malipo niliokabidhiwa kuutunza ulikuwa na neno moja kwa kila balaa: “Imeshindikana.” Mtandao ukikatika, imeshindikana. Salio lisipotosha, imeshindikana. Kadi ikiisha muda, imeshindikana. Watumiaji walikuwa wakibonyeza tena na tena, maana hakuna aliyewaambia kwamba kurudia husaidia kwenye tatizo la kwanza tu. Tulipoutenganisha ujumbe huo kuwa jumbe tatu, bila kurekebisha chochote kingine, simu za malalamiko zilipungua.

Ujumbe mzuri wa hitilafu hauhitaji ufundi mkubwa. Useme programu ilikuwa inajaribu kufanya nini, juu ya kitu gani, na ilijibiwa nini. “Hitilafu ya faili” haina hata kimoja. Linganisha na huu: “Imeshindikana kusoma /data/ripoti/mei.csv: akaunti ‘ripoti’ haina ruhusa ya kusoma.” Anayeusoma anajua aende wapi na abadilishe nini, hata kama hajawahi kuuona msimbo wenyewe.

Najua hoja ya usalama, na naiheshimu. Ukurasa wa kuingia haupaswi kumwambia mgeni kwamba jina ni sahihi ila nenosiri ndilo alilokosea, na mtu wa nje hana haja ya kujua njia za mafaili yetu. Lakini hilo linahusu skrini ya mtumiaji. Ndani ya logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mfumo, maelezo yabaki kamili, nenosiri likiondolewa, na mtumiaji apewe namba ya marejeo inayomwezesha fundi kuupata mstari huohuo wa logi. Hapo kila mmoja anapata kinachomhusu.

Ndugu wa karibu wa tatizo hili ni seva inayojibu kwa namba 200, yaani mambo yamekwenda sawa, halafu ndani ya jibu lenyewe kuna maandishi kwamba ombi limekataliwa. HTTP, kanuni za mawasiliano ya wavuti, imetutengea namba za kutosha: zinazoanza na 4 husema kosa liko upande wa aliyeomba, zinazoanza na 5 husema seva ndiyo iliyoshindwa. Mifumo ya ufuatiliaji huziangalia namba hizo. Ukirudisha 200 kila mara, grafu zinabaki kijani huku watu wanashindwa kazi zao.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaowacheka watumiaji kwa kuripoti “haifanyi kazi” bila maelezo zaidi. Maelezo hayo wangeyatoa wapi, ikiwa tuliwaonyesha duara linalozunguka, likazunguka mpaka wakachoka?

Data nazo hutupwa hivyo hivyo, tena kimyakimya zaidi. Namba ya simu inayoanza na sifuri ikihifadhiwa kama namba ya hesabu, sifuri inapotea, na hakuna anayeonywa. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Ukiingiza namba ya kadi yenye tarakimu 16, ya mwisho inageuka sifuri. JavaScript nayo, kwa namba zake za kawaida, haina uhakika na namba kamili zilizozidi 9,007,199,254,740,992. Ndiyo maana Twitter ililazimika kutuma namba za utambulisho za jumbe zake kwa namna mbili, kama namba na kama maandishi. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: kitu ambacho hakuna mtu atakayekijumlisha wala kukigawanya, nakihifadhi kama maandishi, hata kikiwa na tarakimu tupu.

Wanasayansi wa jeni wameumia kwa hili kuliko sisi. Jeni iliyoitwa SEPT1 ikiingizwa kwenye Excel ilikuwa inageuzwa kuwa tarehe, 1 Septemba, na jina la awali halirudi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba takribani makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Watu walibadilisha majina ya jeni ili programu ya jedwali isiyaharibu! Kila ninapofikiria kuongeza “msaada” wa kukisia mtumiaji alimaanisha nini, nalikumbuka hilo.

Namba bila kipimo ni hasara nyingine ya aina hiyohiyo. Septemba 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi, kwa sababu programu moja iliyokuwa ikitumika huku duniani ilitoa msukumo kwa kipimo cha pauni na sekunde, na iliyoupokea ikauhesabu kuwa newtoni na sekunde. Tofauti ni karibu mara nne na nusu. Aliyeiandika ile namba alijua kipimo chake. Kipimo hakikusafiri nayo. Nikikuta kigezo kinachoitwa “muda” chenye thamani ya 30, nauliza hapohapo: sekunde, dakika, au milisekunde? Kukiita “muda_sekunde” kunamaliza swali.

Na kisha kuna tarehe, ambako nitakaa kidogo. 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa watu wengi duniani, na kwa Wamarekani ni tarehe 4 Machi. ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, kimekuwapo tangu 1988 na kinaandika 2025-04-03, mwaka mbele, bila utata, tena ukiyapanga mafaili kwa majina yanajipanga kwa tarehe. Bado napokea mafaili yenye mfumo wa kwanza, na kwa tarehe za kuanzia ya 1 hadi ya 12 hakuna namna ya kujua kwa kuangalia tu ipi ni siku na ipi ni mwezi.

Saa ni ngumu zaidi. Ushauri tunaopeana ni kuhifadhi kila kitu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na kwa jambo lililokwisha tokea ni ushauri mzuri. Kwa jambo lijalo, UTC nayo inatupa taarifa. Mtu akipanga mkutano saa tatu asubuhi katika mji fulani mwakani, alichokusudia ni saa tatu ya mji huo, vyovyote serikali itakavyoamua kuhusu saa zake. Na serikali huamua: Samoa iliruka siku nzima ya 30 Desemba 2011 ilipohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Ukiwa umegeuza mkutano kuwa UTC na kuutupa mji, sheria ikibadilika huwezi kurudi nyuma. Kutunza +13:00 (saa 13 mbele ya UTC) peke yake hakukuokoi, maana hiyo ni tofauti ya saa ya siku moja tu. Tunza saa kama mtu alivyoisema, pamoja na jina la eneo kama lilivyo katika hifadhidata ya kanda za saa, mfano Pacific/Apia kwa Samoa, na hesabu ya UTC iwe ya kukokotolewa upya.

Tunalitenda hili hata sisi kwa sisi. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, inaweza kukuonyesha kila badiliko mstari kwa mstari: nani, lini, nini. Kitu pekee isichoweza kukijua ni kwa nini, na kwenye nafasi iliyoachwa ili tueleze sababu ya badiliko tunaandika “marekebisho”. Vivyo hivyo kwa maelezo ndani ya msimbo. Nimekutana na “USIGUSE MSTARI HUU” juu ya amri ya kusubiri sekunde mbili, aliyeandika keshaondoka, na timu nzima inaupita mstari huo kwa woga. Kama angeandika kwamba printa za toleo la zamani hupoteza ukurasa wa kwanza zikitumiwa kazi kabla ya sekunde mbili, tungejua la kufanya siku printa ya mwisho ya toleo hilo itakapoondolewa.