Umezima ufunguo na dizeli bado inanguruma? Muache betri jamani

Juzi nimeletewa gari limevutwa kwa kamba, boneti lote limetapakaa oili, na dereva kabla hata hajanisalimia ananiambia "fundi, nilichomoa terminal ya betri kabisa lakini wapi, ndo kwanza resi zikapanda". Kabla yake kulikuwa na mwingine, huyo alikata hozi ya dizeli kwa kisu injini ikiwa inalia, dizeli ikamwagikia kwenye eksozi ya moto, sijui ni Mungu gani alikuwa zamu siku hiyo maana haikuwaka. Wote wawili wanasema waliambiwa na mtu kwamba ndivyo inavyozimwa. Huyo mtu natamani sana anitembelee gereji.

Sasa sikilizeni. Injini ya dizeli ikitoroka, namaanisha kutoroka kwenyewe, resi zinapanda mguu haupo kwenye mafuta na moshi mzito umefunika barabara, inakuwa haiendeshwi na dizeli ya kwenye tanki tena. Mara nyingi inakula oili yake yenyewe. Kwa hiyo ukikata umeme, ukakata hozi, ukatoa tanki ukaenda nalo nyumbani, yenyewe haina habari.

Petroli ukiachia mguu unafunga mlango wa hewa, tena bila plagi kuchoma hakuna kitu. Dizeli haina plagi za kuchoma, inavuta hewa kadiri inavyotaka na nguvu inapimwa kwa dizeli inayopulizwa na nozeli. Hewa ikibanwa mara 16 mpaka 22 inafika nyuzi joto zaidi ya 500 na chochote kinachowaka kikiwemo humo kinawaka, haiulizi kimepitia nozeli au kimeingia na hewa. Oili ikishaanza kuingilia kwenye hewa basi pampu, kompyuta na ufunguo wako wote wamebaki watazamaji. Na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyovuta oili zaidi, ndo maana haitulii yenyewe mpaka hewa ikatwe, oili iishe, au kitu kivunjike. Mara nyingi oili inapoisha na kitu kinavunjika palepale.

Oili inatoka wapi? Turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa, ndo mshukiwa wa kwanza, shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea kwenye oili, beringi zikilegea na sili zikachoka oili inasukumwa upande wa hewa. Wa pili ni ringi za pistoni zilizokwisha, mgandamizo unashuka kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, halafu unatoka na mvuke wa oili kupitia kile kibomba cha kupumulia, ambacho kimerudishwa kwenye njia ya hewa. Wa tatu ni wewe uliyejaza oili kupita alama ya juu kwa sababu "oili nyingi si inalinda injini". Hailindi.

Na kuna njia nyingine haihusu oili kabisa, hewa yenyewe ikiwa na gesi au mvuke wa mafuta. Machi 23, 2005 pale Texas City, Marekani, kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta, mvuke ulimwagika ukaifikia pikapu ya dizeli iliyoachwa inanguruma, injini ikauvuta ikapandisha resi yenyewe, na wachunguzi wakaona hiyo pikapu ndiyo yaelekea iliwasha mlipuko uliofuata. Watu 15 wakafa. Ndo maana dizeli nyingi zinazofanya kazi sehemu za gesi na mafuta zinafungwa kifuniko cha kukata hewa, na zile Detroit Diesel za zamani za mipigo miwili nyingi zilikuja nacho kutoka kiwandani. Kifuniko cha HEWA. Hao watu hawakuwa wajinga.

Lakini nisiwe mkali sana, huu uongo wa ufunguo una mzazi. Kuna magonjwa mawili mengine yanafanana na hili. Pedali ikinasa, labda kapeti limeikalia, resi zinapanda na ukizima ufunguo injini inazima. Halafu kwenye pampu za zamani ule mtaimbo wa ndani unaopima dizeli unaweza kukwama kwenye dizeli nyingi, pale ufunguo unaweza kushindwa lakini fundi akikata dizeli kweli inazima. Sasa aliyepona kwa hayo mawili anawatangazia wenye turbo iliyokufa, na hapo ndo ninapochoka. Kwa hiyo ndiyo, zima ufunguo kwanza, ni sekunde moja, ila kama gari linatembea usiuchomoe maana usukani utajifunga. Isipozima usikae unazungusha ufunguo mara kumi kama unabembeleza, chukulia ni oili.

Na sasa kile kinachoniuma kuliko vyote: klachi. Gari liko kwenye mwendo, resi zinapanda, kila mtu mguu unakimbilia klachi. Naelewa, mwili unajifanyia wenyewe. Lakini injini iliyotoroka ikiwa ndani ya gea inavuta gari zima, uzito wote ule ndo hatamu yako, ukikanyaga klachi au ukitupa nyutro umeikata hatamu, inapaa mpaka konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, itoke ubavuni. Acha gea ilipo, kama gari ni la gea za mkono na una nafasi panda gea ya juu haraka, kanyaga breki kwa nguvu zote moja kwa moja, usipige pige, utoke barabarani, na uendelee kukanyaga BILA kugusa klachi tena mpaka injini ife. Breki bado zina nguvu maana pampu ya vakyumu inazungushwa na injini hiyohiyo.

Kama imetoroka gari likiwa limesimama, hakikisha mbele yako hakuna mtu wala ukuta, handbreki juu, mguu wa breki mpaka chini, klachi, gea ya juu kabisa, halafu achia klachi ghafla. Ya juu, siyo namba moja, namba moja itakurusha. Hapa vitabu vinaandika kama ni uhakika, mimi nimeona klachi iliyochoka inateleza tu, inatoa moshi na harufu, injini inaendelea. Jaribu mara moja. Ikiteleza toka kwenye gari, toa watu, simama mbali, na usisimame ubavuni mwa injini.

Otomatiki sina jibu safi na asikudanganye mtu. Hakuna klachi ya kuizimia injini, kuna oili tu katikati. Ukiacha kwenye D na breki chini unaibana kiasi lakini unachemsha gearboksi na huwezi kushuka, ukiweka P unaiachia ipae. Mafundi tunabishana hapa mpaka chai inapoa. Mimi nasema D na breki mpaka umetoka barabarani na gari limesimama, halafu P, handbreki, kimbia, injini ni chuma itanunuliwa nyingine.

Kuhusu kuziba hewa, ndo dawa yenyewe hasa, lakini dereva wa kawaida sipendi afungue boneti. Ukiwa na mtungi wa zimamoto wa kaboni dayoksaidi, puliza kwenye mdomo wa hewa mfululizo mpaka ife. Wa unga hapana, na maji ndo kabisa usithubutu, hayabanwi, yatapinda konrodi. Bila mtungi ni ubao au bamba gumu pana kuliko tundu. Kitambaa kitamezwa. Mkono pia, na turbo hairudishi vidole.

Ikishazima usiwashe tena. Hata "kidogo tu nisikie". Intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, na mabomba yake bado vimejaa oili. Kijana wangu wa gereji aliwahi kuwasha namna hiyo nikiwa nimegeuka nachukua spana, ikatoroka ndani ya gereji, nikabana kipande cha ubao kwenye mdomo wa hewa ikafa. Watu wakanisifu sana. Baadaye nikachomoa kijiti cha oili kikatoka karibu kikavu, na mpaka leo sijui kama ni ubao wangu ulioizima au oili ilikuwa imeisha tu na ubao ukachukua sifa.

Huyu wa juzi nikamuuliza kama aliona dalili, akasema moshi wa bluu asubuhi miezi kadhaa, na oili inapungua bila kudondoka chini. Alikuwa anaongeza tu. Nikamuonyesha na upande wa pili, maana gari lake lina ule mtego wa masizi kwenye eksozi: safari fupifupi zikizidi, dizeli ya kuunguzia masizi inashuka kwenye sampu, oili inakuwa nyepesi na kiwango KINAPANDA. Watu wakiona imepanda wanafurahi. Oili ikipanda bila kuongezwa, usiendeshe, imwage.

Intakula yake nimeifungua, nimekinga beseni na oili bado inachuruzika. Turbo tunabadilisha, silinda nazipima kesho.