Je, wajua? Kwa nini Kisanskriti huitwa lugha ya kompyuta

Limeenea mitandaoni dai kwamba NASA, shirika la anga za juu la Marekani, limethibitisha kuwa Kisanskriti ndiyo lugha inayoifaa kompyuta kuliko zote. Wanaolisambaza huongeza kwamba lugha hiyo ya kale ya India haina utata: sentensi moja, maana moja. NASA haijathibitisha jambo hilo, na hilo la utata si kweli. Lakini uvumi huu una chanzo, na chanzo chenyewe kinafaa kujulikana.

Mwaka 1985 mtafiti Rick Briggs, aliyefanya kazi katika kituo cha NASA cha Ames huko California, alichapisha makala katika jarida la AI Magazine. Hakusema programu ziandikwe kwa Kisanskriti. Alionyesha kwamba wanasarufi wa India walikuwa na mtindo wa kuifumua sentensi hadi kila uhusiano uliomo uonekane, na kwamba kazi yao ilifanana na michoro ambayo wataalamu wa akili mnemba wa wakati ule waliichora ili kompyuta ielewe maana. Mfano wake mmoja ni wa jikoni: kwa sababu ya urafiki, Maitra anampikia Devadatta wali katika chungu juu ya moto. Mwanasarufi huanza na kitendo chenyewe, yaani kile kinachofanya punje zilainike. Kisha huuliza nani mtendaji, nini kinalainika, wapi, na kwa ajili ya nani. Hilo la mwisho sisi hulipachika kwenye kitenzi, tukapata “-pikia”. Kisanskriti hulipachika mwishoni mwa jina la Devadatta, na kwa kuwa kila jina hubeba alama ya kazi yake, maneno yanaweza kuhamishwa huku na huku bila mpishi kugeuka mpikiwa.

Hapo ndipo watu huruka hadi kwenye “hakina utata”. Briggs alizungumzia mtindo wa kitaalamu wa wanasarufi na wanafalsafa, mtindo mzito ambao hakuna anayenunulia nyanya. Kisanskriti cha kawaida kina utata mwingi, na wenyewe waliupenda. Maneno yake yakikutana huungana na kubadilishana sauti, hivyo msikilizaji anaweza kuyakata mahali zaidi ya pamoja. Mfano unaojulikana tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ni “shveto dhavati”. Ukiukata hivi, ni “mweupe anakimbia”. Ukiukata vile, “shva ito dhavati”, ni “mbwa anakimbia kutoka hapa”. Washairi waliigeuza hali hii kuwa sanaa: karne ya 12 Kaviraja alitunga Raghavapandaviya, utenzi ambao beti zake zinasimulia Ramayana na Mahabharata, tenzi mbili kuu za kale za India, kwa wakati mmoja, kutegemea unavyozisoma. Gérard Huet, mtaalamu wa kompyuta wa Ufaransa, ametengeneza programu ya kuichambua sentensi ya Kisanskriti, na sentensi ndefu inaweza kutoa mamia ya michanganuo inayowezekana. Lugha isiyo na utata haifanyi hivyo.

Basi kilicho karibu na kompyuta ni nini? Ni sarufi, hasa ile ya Panini, mwanasarufi aliyeishi yapata karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo upande ambao leo ni kaskazini-magharibi mwa Pakistan. Kitabu chake, Ashtadhyayi, kina kanuni zipatazo 4,000, nyingi zikiwa na maneno machache tu. Ufupi huo ulisaidia kazi ikaririwe kichwani.

Chukua kanuni moja yenye maneno matatu, “iko yan achi”. Inasema kwamba i na u, pamoja na irabu nyingine mbili zisizo za kawaida kwetu, zikifuatwa na irabu hugeuka y, v, r na l. Ndiyo sababu su na agatam huwa “svagatam”, yaani karibu. Sisi tunafanya jambo la jirani kabisa tunaposema mwalimu badala ya mu-alimu, na vyakula badala ya vi-akula. Panini alibana maneno kwa kuyapa makundi ya sauti majina ya mkato: “ach” ni irabu zote, “hal” ni konsonanti zote.

Kanuni inayofuata inahusu e, o, ai na au. Nazo hubadilika zikifuatwa na irabu, ila kanuni hiyo haitaji kabisa “zikifuatwa na irabu”. Ni kama daftari la mkopo dukani: jina la mteja huandikwa mara moja juu, kisha chini yake sukari, sabuni na mafuta bila jina, na kila mtu anajua deni ni la nani hadi jina jingine litokee. Panini aliandika sharti mara moja, likaendelea kushuka kanuni baada ya kanuni mpaka pale linapokoma. Aliweka pia kanuni pana na vighairi vyake, pamoja na kanuni kuhusu kanuni: zikigongana mbili, ipi ishinde. Mtu anayeandika programu leo ataitambua kazi hiyo mara moja. Mwaka 1967 Peter Ingerman alipendekeza kwamba namna ya kuandika sarufi za lugha za kompyuta iliyohusishwa na John Backus, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, iongezewe jina la Panini, kwa sababu ya kufanana huko. Kufanana si kurithi, na hakuna ushahidi kwamba Backus aliichota kwa Panini.

Tena kompyuta za leo hazikwenda njia hiyo. Programu za kutafsiri hujifunza kwa kusoma malundo ya maandishi, na lugha inayonufaika zaidi ni ile yenye maandishi mengi ya kisasa. Ndiyo maana Kiingereza, pamoja na vurugu za tahajia yake, kiko mbele. Google Translate iliongeza Kisanskriti mwaka 2022, miaka mingi baada ya Kiswahili.

Ikiwa Kisanskriti kitaingia katika maisha ya kila siku, mlango wake uko kwingine. India imekuwa na taarifa ya habari ya redio kwa lugha hiyo tangu 1974, na gazeti la Sudharma lilianzishwa Mysuru mwaka 1970. Sensa ya 2011 iliandikisha watu 24,821 waliosema ndiyo lugha yao mama, katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Sensa huandika anachosema mtu, si anachozungumza nyumbani. Kazi kubwa zaidi ya kukifundisha kwa kusema inafanywa na Samskrita Bharati, shirika lililoanzia Bengaluru mwaka 1981, lenye kozi fupi za siku kumi. Mwanafunzi huanza na vitu alivyonavyo: simu ni “duravani”, sauti ya mbali; kompyuta ni “sanganakam”. Mizizi na viambishi vile vile vya zamani ndivyo vinavyozalisha maneno haya.

Walimu hao wamefika hapo kwa kupunguza. Kisanskriti kina umoja, uwili (umbo la vitu viwili tu) na wingi. Uwili huwekwa kando kwa anayeanza. Maneno hayaunganishwi sana, ili yasikike moja moja. Badala ya kumfundisha mtu minyambuliko ya “wewe”, humpa neno la heshima “bhavan”, linalokwenda na kitenzi cha nafsi ya tatu, kama sisi tunapomuuliza mkubwa wetu, “Mzee anasemaje?” Wapo wasomi wanaolalamika kwamba lugha hiyo imepoa, na kwamba nyuma yake unasikia Kihindi au Kikannada, lugha za India za leo. Wana hoja, lakini mimi nipo upande wa walimu: uwili mtu anaweza kuujifunza mwaka wa pili, ilhali asiyethubutu kuomba maji kwa Kisanskriti siku ya kwanza hafiki mwaka huo.