Waziri wa afya akiulizwa maswali bungeni: hiyo kitu hufanya kazi aje

Wengi wetu hapa Nairobi tunamuona waziri wa afya kwa TV akiwa bungeni anasoma karatasi, wabunge wengine wanapiga meza, wengine wanasimama na hoja ya nidhamu, halafu habari zinaisha na hujui ni nini kimeamuliwa. Kwa kweli hakuna kitu kimeamuliwa. Kikao cha maswali hakipitishi sheria, hakitoi pesa na hakimfuti mtu kazi, kazi yake ni kumfanya mwenye wizara aseme jambo hadharani, mdomoni mwake, mahali ambapo kila neno linaandikwa na litabaki hapo hata akitoka ofisini. Mimi naona hiyo ni nguvu kubwa kuliko venye watu huichukulia, lakini inafanya kazi tu kama swali liliulizwa vizuri na kama sisi wenye kuumwa tunajua kusikiliza jibu.

Kwanza tuelewe waziri anafika hapo aje, juu mambo yamebadilika. Chini ya katiba ya zamani waziri alikuwa mbunge kama wale wengine, anakaa ukumbini, akiulizwa anasimama anajibu. Tanzania mpaka leo wako hivyo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 152, ikasema waziri asiwe mbunge, kwa hivyo baada ya uchaguzi wa 2013 mawaziri wakatoka kabisa ukumbini, na kifungu cha 153 kikasema watakuwa wanaitwa mbele ya kamati na kujibu swali lolote kuhusu kazi yao. Karibu miaka kumi maswali mengi ya afya yakawa yanajibiwa huko kwa kamati, mahali ambapo mwananchi wa kawaida hafuatilii sana. Desemba 2022 Rais Ruto akaliandikia Bunge akipendekeza mawaziri warudi kujibu kwa ukumbi, Kanuni za Kudumu, zile zinazoongoza vikao vya Bunge, zikarekebishwa, na kutoka 2023 ndio tumeanza kuwaona tena. Kwa hiyo wizara ya afya peke yake wamepita Susan Nakhumicha, Deborah Barasa, halafu Aden Duale aliyeletwa 2025, na hapa kuna jambo watu husahau: swali linaulizwa wizara. Waziri mpya hawezi kusema hayo yalisemwa na mwenzangu sijui kitu, alichoahidi aliyetangulia kinamfuata yeye.

Swali lenyewe huanza kitambo kabla ya siku ya kujibiwa. Mbunge analiandika, analipeleka kwa Karani wa Bunge, Spika anaangalia kama linaruhusiwa na kanuni, likikubaliwa linatumwa wizarani, maafisa pale Afya House, makao makuu ya wizara, wanaandaa jibu, ndipo linaingia kwa ratiba ya siku. Kwa hivyo swali la kwanza halimshtui waziri hata kidogo, jibu lilishaandikwa na watu wanaojua kuandika. Kinachoweza kumtoa jasho ni swali la nyongeza, lile mbunge anauliza papo hapo baada ya jibu kusomwa, juu hilo halina karatasi. Ukiwa na dakika chache tu za kufuatilia kikao, ruka ule utangulizi wote wa asante Mheshimiwa Spika kwa kunipa fursa hii, sikiza maswali ya nyongeza.

Na uandishi wa swali ndio kila kitu. Tuseme mbunge ameuliza waziri ana mpango gani wa kuboresha huduma za afya nchini. Jibu unalijua hata kabla halijasomwa, serikali imejitolea, mikakati imewekwa, mchakato unaendelea, na waziri hajadanganya mtu, ameulizwa kitu kipana akajibu kipana. Sasa chukua mbunge mwingine anayeuliza hivi: waziri aeleze hospitali za level 4 na 5 katika kaunti ya Nairobi zinadai SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya kitaifa, shilingi ngapi kufikia mwisho wa mwezi uliopita, ni madai mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, na salio litalipwa tarehe gani. Hapo kuna kiasi, kuna hesabu, kuna sababu, kuna tarehe, na waziri akiruka moja kila mtu ataona ameruka. Akisema malipo yanaendelea, swali la nyongeza linakuwa fupi kabisa: hospitali ya Mama Lucy imelipwa ama haijalipwa? Mbunge anayeuliza kwa mtindo huu ananifanyia kazi kuliko yule wa kupiga kelele dakika tano ndio aonekane kwa klipu ya jioni, na nasema hivyo nikijua kelele ndizo huleta kura.

Sasa tuje kwa lile jibu ambalo huchanganya watu kuliko yote, waziri akisema hilo ni jambo la kaunti. Watu hukasirika hapo hapo, wanadhani anakwepa. Wakati mwingine anakwepa kweli, wakati mwingine ako sawa kabisa, na unafaa kujua tofauti. Katiba kwa Jedwali la Nne iligawa afya mara mbili. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti 47 zikapewa hospitali za kaunti, zahanati, maduka ya dawa ya umma, ambulensi na afya ya msingi. Kwa sisi wa Nairobi maana yake ni kwamba Kenyatta, Mathari na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy ni za kaunti. Mama akiambiwa Pumwani glavu zimeisha aende anunue nje, wa kuulizwa kwanza ni gavana, na wa kumuuliza ni MCA wake, yaani mwakilishi wa wadi, pale kwa bunge la kaunti. Kumuuliza waziri swali hilo ni kumpa mlango wa kutokea.

Lakini mambo hayaishii hapo, juu ile Pumwani inategemea pesa za SHA ambazo ni za kitaifa, na kaunti inanunua dawa kutoka KEMSA ambayo nayo ni shirika la kitaifa la dawa, kwa hivyo gavana atasema SHA haijatulipa na waziri atasema hospitali ni za gavana, na wote wawili watakuwa wamesema ukweli nusu nusu na glavu bado hakuna. Wafanyakazi wa afya wa UHC, ule mpango wa afya kwa wote, waliliona hili vizuri. Waliajiriwa kwa kandarasi kutoka 2020 na serikali ya kitaifa, wakapelekwa kufanya kazi kwa kaunti, kandarasi zilipofika mwisho ikawa wizara inaangalia magavana na magavana wanaangalia wizara, mpaka 2025 wakapiga kambi nje ya Afya House wakidai haki yao. Watu walifanya kazi ya Korona, na wakaachwa kwa lami. Swali zuri bungeni kwa jambo kama hilo halimuulizi waziri wafanyakazi wataajiriwa lini, linamuuliza ni pesa ngapi wizara imeshatuma kwa kaunti kwa ajili ya mishahara hiyo na zilitumwa tarehe gani. Pesa ikitoka kwake hana kaunti ya kujificha nyuma yake. Na hapa Seneti huwa na makali zaidi, juu kazi yake kikatiba ni kulinda kaunti na inaweza kumuita gavana wakaketi na kamati yake vile vile.

Halafu kuna SHA yenyewe, ambayo siku hizi ndiyo imejaza maswali ya afya. Ilianza Oktoba 1, 2024 ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, iliyokuwa imekaa tangu 1966. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ndani yake kuna mifuko mitatu: mmoja wa huduma za msingi, mmoja wa bima yenyewe, na mmoja wa dharura na magonjwa sugu na mazito. Mifuko hii isipotenganishwa, jibu la waziri litakupita. Akisema matibabu ni bure anaweza kuwa anazungumzia mfuko wa kwanza, ule wa zahanati na vituo vya afya, level 2 na 3, na hapo hana makosa. Ukilazwa level 4 kwenda juu tayari uko kwa mfuko wa bima, na huo unataka uwe umelipa michango yako.

Sasa ona venye hii inagusa mtu. Mama mboga wa Githurai amebonyeza *147# akajiandikisha, simu yake ina ujumbe unaosema amesajiliwa, ameweka watoto wote. Mtoto analazwa, anafika kwa dirisha la malipo, karani anaangalia kwa kompyuta anamwambia mama wewe uko kwa sistimu lakini hujalipa. Na kwa sababu hana mwajiri, hapimwi kwa payslip, anapimwa kwa maswali ya hali ya maisha, na kinachotoka hapo anatakiwa kulipa ya mwaka mzima pamoja. Anaanza kupigia watu simu. Wiki hiyo hiyo waziri anasimama bungeni anasema mamilioni ya Wakenya wamejiandikisha SHA, na hiyo namba ni ya kweli, na huyo mama ni mmoja wao! Ndiyo maana kila ukisikia namba ya waliojiandikisha unafaa kusubiri mbunge aulize ya pili, kati ya hao ni wangapi wasio na ajira rasmi ambao wamelipa na leo wakilazwa watahudumiwa. Hizo namba mbili ziko mbali sana, na katikati yao ndimo kuna mama wa Githurai na wengine kama yeye. Mbunge akikaa chini bila kuuliza hiyo ya pili, ametuangusha.

Kuna vitu pia waziri anaruhusiwa kutojibu. Jambo likiwa mbele ya korti kanuni humzuia mbunge kulijadili kwa njia inayoweza kuharibu kesi. Sheria hizi za SHA zenyewe zilipelekwa kortini, Mahakama Kuu ikaziharamisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, kwa hivyo kesi ikiwa bado inaendelea jibu la kwamba jambo liko kortini linaweza kuwa halali kabisa. Mbunge mzoefu hubadilisha swali, anaacha uhalali wa sheria anauliza habari ya pesa ambazo tayari zimetumika.

Na asipokuja? Kamati inaweza kumuita kwa lazima, juu kifungu cha 125 kinaipa Bunge na kamati zake nguvu kama za Mahakama Kuu za kuleta mashahidi, na sheria ya mamlaka na haki za Bunge ya 2017 inaruhusu faini ya hadi shilingi 500,000 kwa anayekaidi mwito. Kumtoa kazini ni safari ndefu zaidi, robo ya wabunge wa Bunge la Taifa waunge mkono kuletwa kwa hoja, kisha angalau theluthi moja waikubali, ndipo iundwe kamati ya watu 11 ya kuchunguza tuhuma, na hiyo inahitaji makosa mazito, jibu baya peke yake halitoshi.

Kile ambacho wengi hawajui ni kwamba ahadi ya waziri ina kamati yake. Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji, kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi ambazo serikali ilitoa ikiwa pale, kuona kama zilitimizwa na kama zilichelewa ni kwa nini. Kwa hivyo waziri akisema dialisisi itafika hospitali fulani kabla ya Juni, hiyo imeshaingia Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni, na Hansard iko kwa tovuti ya Bunge bure, unatafuta kwa tarehe ya kikao. Chukua ukurasa huo, uupeleke ofisi ya mbunge wako ya eneo bunge, umuombe aandikie kamati hiyo ama aulize swali upya akinukuu maneno yale yale. Ikishindikana, kifungu cha 119 kinakupa haki ya kupeleka malalamiko yako bungeni wewe mwenyewe, na unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, ni lugha rasmi ya Bunge. Andika jina la hospitali, andika huduma inayokosekana na tangu lini, weka tarehe ambayo waziri alitaja.