Paulo na Yakobo Hawapingani
Wengi huamini kwamba Paulo, afundishaye katika Warumi 3:28 kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, anapingana na Yakobo 2:24, isemayo kuwa mtu huhesabiwa haki kwa matendo, wala si kwa imani peke yake. Wote wawili humtaja Ibrahimu, lakini Paulo anaanzia Mwanzo 15, Ibrahimu alipoamini, ilhali Yakobo anamtazama katika Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, amemlaza Isaka juu ya kuni. Mwenendo hapo hauizai imani, unaidhihirisha. Anayekemewa na Yakobo ni yule amwambiaye ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende akaote moto na kushiba, huku mkono wake haujatoa kitu. Naye Paulo, akiisha kukana wokovu wa matendo katika Waefeso 2:9, aya inayofuata anasema tuliumbwa katika Kristo tutende mema.