Ustawi wa mnyama ni nini? Tumtazame pomboo wa bwawani

Ustawi wa mnyama ni hali ya maisha yake kama yeye mwenyewe anavyoyaishi: afya ya mwili wake, anachohisi, na nafasi aliyonayo ya kufanya yale ambayo jamii yake huyafanya. Upole wa mtunzaji ni jambo jingine. Mtu anaweza kumpenda mnyama kwa dhati, na mnyama akawa taabani.

Pomboo wa maonyesho huipima dhana hii kuliko wanyama wengi, maana ni rahisi mno kumsoma vibaya. Watazamaji humwona akiruka, akipiga maji kwa mkia, kinywa kimekaa kama cha anayetabasamu. Tabasamu hilo ni umbo la taya tu. Pomboo mgonjwa analo, hata aliyekufa analo.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni uhuru wa aina tano. Wazo lilianzia kwenye ripoti ya kamati ya Brambell kuhusu mifugo, Uingereza, mwaka 1965. Mnyama asipate njaa wala kiu, asikae mahali pa adha, asiumie wala kuugua bila tiba, asiishi kwa hofu, na aweze kuonyesha tabia zake za asili. Bwawa lenye usimamizi mzuri linaweza kufaulu kwenye manne ya kwanza: samaki wapo, daktari yupo, papa hayupo. La tano ndilo linalolishinda.

Baharini, pomboo anaweza kusafiri makumi ya kilomita kwa siku. Huwinda samaki hai kwa kutoa milio mifupi na kusikiliza mwangwi wake. Kila mmoja ana mluzi wake, karibu kama jina, na huchagua wa kuandamana naye na wa kumkwepa. Bwawani samaki huja wakiwa wafu, waliotolewa kwenye friza; kuta hazibadiliki; na yule wa kukwepwa yumo humo humo. Ndiyo maana alama nyingi za meno ngozini zinastahili kuulizwa, ingawa hata pomboo wa baharini huparuzana.

Kwa hiyo ukienda kuwaona, usiondoke makofi yanapoisha. Tazama anachofanya pomboo asipoamriwa. Kuzunguka njia ileile bila kikomo ni dalili inayotia shaka. Kuelea kimya si lazima iwe huzuni, kwani pomboo hulala kwa nusu ya ubongo, nusu nyingine ikiwa macho.

Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu pomboo wa bustani moja ya burudani Ufaransa ulionyesha kwamba walimsubiri kwa hamu mtu waliyemzoea kuliko vitu vya kuchezea. Wenye mabwawa huweza kuusoma kama ushahidi wa furaha. Mimi nausoma pia kama kipimo cha uhaba wa mambo mengine ya kusubiri.

Ustawi hauulizi kama mnyama ana haki ya kutofungwa kabisa. Hilo ni swali la haki za wanyama. Kanada ililijibu kwa sheria mwaka 2019, ikapiga marufuku kuwafuga nyangumi na pomboo, lakini waliokuwa tayari kifungoni wakaachwa walipo. Kuwatoa nako si kufungua lango tu. Mwaka huohuo nyangumi weupe wawili, Little Grey na Little White, walihamishwa kutoka Shanghai hadi kisiwa cha Heimaey, Iceland, waishi kwenye ghuba iliyozungushiwa wavu. Wamepelekwa baharini, wakarudishwa bwawani; kuzoea kumekuwa kugumu.