Usanifu wa tovuti si urembo

Juzi nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, mwenye duka akipokea simu. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Niko hapa na kijana wa kunirembea tovuti." Alisema kwa nia njema kabisa. Lakini neno hilo nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, na kila nikilisikia najua kazi itaanzia mahali pasipofaa.

Usanifu wa tovuti ni kuamua nini kikae wapi kwenye ukurasa, kipi kionekane kwanza, na mgeni apite njia ipi mpaka apate alichokijia. Anayeamua ni msanifu. Anayeugeuza uamuzi huo kuwa msimbo, yaani maagizo yanayosomwa na kompyuta, ni mjenzi, au developa kama tunavyomwita hapa mjini. Michoro huchorwa kwenye programu kama Figma. Lugha ya msimbo iitwayo HTML hubeba maandishi na muundo wake, na nyingine iitwayo CSS hubeba sura. Na muundo ndio uliotangulia: Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, mwaka 1989, ilhali CSS ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa Desemba 1996. Kurasa zilisomwa miaka kadhaa kabla ya kuvishwa nguo.

Kosa lenyewe la kuuita usanifu urembo, nadhani, linatokana na sikio. Sanifu na sanaa yanasikika kama ndugu, kumbe ni majirani tu. Yote mawili yametoka Kiarabuni, lakini mzizi wa sanaa unaishia kwa herufi ayn na unahusu kutengeneza kitu kwa ufundi. Mzizi wa sanifu unaishia kwa fa, na maana yake ni kupanga vitu kwa aina zake. Ndiyo maana kwa Kiarabu kutunga kitabu nako huitwa hivyo, na mtunzi ni musannif: aliyeyapanga maarifa milango kwa milango. Hakuna asikiaye "Kiswahili sanifu" akadhani ni Kiswahili kilichopakwa wanja.

Waliosoma elimu ya hadithi za Mtume wanaujua mfano bora kuliko wowote nitakaoutoa mimi. Kuna mkusanyo uitwao musnad na kuna uitwao musannaf. Hadithi zinaweza kuwa zile zile. Musnad huzipanga kwa jina la sahaba aliyesimulia; musannaf huzipanga kwa mada, twahara mahali pake, sala mahali pake, biashara mahali pake. Mwenye swali la kuuza na kununua akishika musnad, sharti kwanza ajue nani alisimulia. Akishika musannaf, anafungua mlango wa biashara na kusoma. Huo ndio usanifu, na ulifanywa karne nyingi kabla ya kompyuta.

Sasa rudi dukani. Rafu zake zimepangwa kwa mzigo: uliotoka Dubai upande huu, uliotoka Japani upande ule. Kwake ni sawa, maana yeye ndiye aliyeuagiza, na alitaka tovuti ifuate mpango huo huo. Tukiwa bado tunaongea akaingia fundi, vidole vimejaa grisi, simu ameishika kwa ncha. "Mzee, Probox, pedi za breki, za mbele. Ziko?" Hakuuliza habari za Dubai. Gari kwanza, kisha kipuri, kisha upande, kisha kama ipo. Nikayaandika maneno hayo kwenye karatasi kwa mpangilio ule ule aliyoyatamka, na hapo nusu ya kazi yangu ilikuwa imekwisha, bila rangi hata moja. Vidole vile navyo viliniambia vitufe viwe vikubwa, vyenye nafasi katikati.

Rangi nayo ina kazi yake, na siidharau. Mzee alipenda maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe. Tukatoka na simu hadi barazani, jua la saa saba likiwaka, na yeye mwenyewe akashindwa kusoma bei. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu kile hakikufika hata karibu.

Tuliporudi ndani akaniuliza, "Sasa utairemba lini, kijana wangu?"

"Urembo utakuja, mzee, na nitauweka kwa heshima zote. Kwanza nisaidie kusanifu. Fundi wa Probox na fundi wa Noah waingie mlango mmoja, au kila mmoja na wake?"

Akavuta kiti, akaanza kuhesabu magari kwa vidole.