Risasi baridi si risasi iliyopoa

Jumamosi ya mnada, Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, tunasubiri mbuzi aive. Kijana mmoja wa meza ya jirani akachomoa mfukoni kitu kilichofungwa kitambaa, akakisimamisha mezani kwetu kati ya sahani ya kachumbari na kichupa cha pilipili. "Mzee, risasi ya Mjerumani hii, imetoka Kondoa. Usiogope, ni baridi. Laki mbili tu." Nikamuuliza baridi kwa maana gani. "Si ya zamani? Miaka mia na ushee, imeshapoa hiyo."

Si mara ya kwanza kulisikia neno hili likitumiwa hivyo, na wanaolitumia si watoto. Basi tulimalize. Risasi baridi ni ile yenye ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti yenyewe, lakini haina kichwa. Ukiipiga inalia na kutoa moto mdomoni mwa bunduki, ila hakuna kinachoruka kwenda kumpata mtu mbali. Hutumika mazoezini na kwenye mazishi ya kijeshi, na mizinga 21 ya heshima tunayoisikia siku za sherehe za taifa nayo hupigwa kwa jamaa zake wakubwa. Kwenye bunduki utaitambua kwa mdomo wa ganda uliofinywa ukakunjwa mfano wa nyota. Ndiyo maana yake, haina nyingine.

Kosa linaanzia kwenye neno baridi. Watu wanalichukulia kama ni habari ya joto: kitu kilikuwa cha moto, muda ukapita, kikapoa. Lakini Kiswahili hakijawahi kulitumia hivyo peke yake. Ukiagiza kinywaji baridi kwenye harusi unaletewa soda, hata kama umeme umekatika tangu asubuhi na soda yenyewe ina joto la gunia. Baridi pale maana yake haina kilevi. Kimeondolewa kitu kimoja, vingine vyote vimebaki. Na mhudumu akikuuliza "baridi au ya moto?" hajawasha jiko nyuma; ya moto ni ile ambayo haijaingia kwenye friji. Maneno haya mawili yanatembea kama pacha, moja linakanusha lingine, na kipimajoto hakihusiki. Risasi ya moto ina kichwa, risasi baridi haina. Umri haumo kabisa.

Kichekesho ni kwamba risasi baridi, kwa asili ya neno, haina risasi. Risasi tumeipata kwa Waarabu, rasas, na kwao ni jina la madini: lile dude zito laini la kijivu. Sisi pia tunalo kwa maana hiyo hiyo, ndiyo maana kuna petroli isiyo na risasi, na wazee wetu waliita penseli kalamu ya risasi. Kwa hiyo risasi hasa ni kile kichwa kinachoruka. Ganda la shaba nyeupe ni ganda. Baruti ni baruti, nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo ya Waarabu. Kile kidude cha duara kitakoni kinachogongwa na pini ni fataki, ingawa siku hizi ukisema fataki vijana wanamwona mzee anayewanyemelea wasichana wa shule, kwa sababu ya matangazo ya redio ya miaka ile. Sisi tukachukua jina la kipande kimoja tukakipa kitu kizima, na tangu hapo tunachanganyikiwa. Mzinga angalau ulichanganywa kwa akili: huku kwetu mzinga kwanza ni wa nyuki, gogo lililotobolewa likaachwa wazi kati, na aliyeita bunduki kubwa kwa jina hilo alikuwa na macho.

Sasa, anachotaka mkusanyaji wa vitu vya vita si risasi baridi. Anataka kitu kisichoweza kulipuka: hakina baruti, na fataki yake haipo au ilishaungua. Zipo za aina hiyo zilizotengenezwa kiwandani makusudi kwa kufundishia askari kujaza bunduki, na hizo kwa kawaida zimetobolewa matundu ubavuni au kuchongwa mifereji ili mtu azijue hata gizani kwa kupapasa. Wala rangi isikupumbaze. Majeshi mengi hupaka buluu zana za mazoezi, na kombora la mazoezi linaweza kuwa na baruti kidogo ya kutoa moshi pale lilipoangukia. La mazoezi si lazima liwe tupu.

Halafu kuna ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa mezani. Risasi iliyogoma. Fataki ina alama ya kugongwa, kichwa bado kimekaa mahali pake. Kijana alinionyesha ile alama kama ushahidi kwamba "ilishapigwa". Ingekuwa imepigwa, kichwa kingekuwa kimeondoka. Pini iligonga, moto haukuwaka, askari akaitoa akaitupa, na baruti imo ndani hadi leo. Kukaa ardhini hakuiondoi. Baruti ikikaa pakavu inaweza kubaki hai miaka mingi sana, na ukame ndio tulionao hapa kati. Wakazi wa Mbagala Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto Februari 2011, waliona kilichofanywa na zana zilizokuwa zimelala tu ghalani, hakuna aliyezifyatua.

Na ya Mjerumani haikuwa. Nilivaa miwani nikasoma kitako bila kuinyanyua sana: K, 16, VII. K ni Kynoch wa Birmingham, 16 ni mwaka 1916, VII ni toleo la saba la risasi ya .303 ya Mwingereza. Isitoshe kitako chake kina ukingo uliojitokeza nje kama kisoda. Ya bunduki ya Mauser ya Mjerumani ya milimita 7.92 haina ukingo huo, ina mfereji tu. Askari wengi wa Mjerumani huku kwetu walianza Vita Kuu ya Kwanza na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, yenye moshi uliokuwa unawasema walipojificha. Kondoa risasi za pande zote mbili zinaweza kuokotwa, maana Mei 1916 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia pale Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer, waliokuwa upande wa Mwingereza, akashindwa kuwatoa, na mwisho wa Julai hao hao wakaichukua Dodoma.

Bei nayo ina mantiki yake. Mkusanyaji halipi kwa sababu kitu ni cha vita; .303 za miaka ile zilitengenezwa kwa mamilioni mengi. Analipia maandishi ya kitakoni yanayosomeka, mwaka, kiwanda kisicho cha kawaida, na rangi ya ukale ambayo haijasuguliwa. Ganda la kombora lililong'arishwa kwa majivu na limau hadi linameta limepoteza nusu ya mvuto wake, ingawa kabatini linapendeza. Analipia pia uhakika kwamba ni tupu. Yenye baruti haiuziki kihalali mezani, hata ingekuwa ya babu wa babu, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwa risasi.

Haya yote nilimweleza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya na alikuwa ananisikiliza. Nikamwambia asiitikise, asijaribu kung'oa kichwa chake kwa koleo, na awapigie polisi waje waichukue. Akauliza, "Kwa hiyo mzee, si baridi?"

"Ni ya moto, kijana wangu. Iligoma tu."

Akaitazama. Kisha akainua kiti chake, akakihamisha taratibu upande wa pili, mbali na jiko la mkaa.